Mahindi yapimwe wapi: Kibaigwa au Namanga?

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikieleza kuwa vipimo vimekuta sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) kupita kiwango. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yakaanza kupita tena, lakini swali lililo nyuma ya mvutano ule bado lipo. Maabara ya Tanzania ikishapima mzigo na kuupitisha, Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kuna sababu gani ya kuupima upya?

Kiwango chenyewe hakina ubishi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha mahindi: sumukuvu kwa jumla isizidi 10, ile ya aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Tena tangu 2006 ipo sheria ya Jumuiya kuhusu viwango na upimaji, inayozitaka nchi wanachama kutambua nembo za ubora za wenzao, iwe ya mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS), Kenya (KEBS) au Uganda (UNBS). Kwa saruji au mabati mpango huo una mantiki, kwa sababu kiwanda hukaguliwa na bidhaa haibadiliki njiani. Mahindi hayana kiwanda. Gunia moja limetoka Kongwa, la pili Kiteto, na yote yamepakiwa lori moja.

Msafirishaji ana hoja nzito. Lori likisubiri majibu mpakani, dereva anadai posho, mwenye gari anadai siku zake, na bei ya Nairobi haimsubiri mtu. Ila faida kubwa zaidi ya kutambuana haipo mpakani, ipo sokoni. Mfanyabiashara anayejua kuwa cheti cha Dodoma kitaheshimiwa Kenya atapima akiwa bado Kibaigwa, kwenye soko la mahindi mkoani Dodoma, kabla ya kulipa. Mzigo ukiwa na sumukuvu anauacha hapo hapo. Leo wengi hawaoni sababu ya kupima mapema kwa kuwa wanajua watapimwa tena mbele, hivyo wanabahatisha, na anayekosea anageuziwa mzigo akiwa ameshalipia kila kitu.

Kwa upande wa maabara, wapo wanaohofia kupoteza ada za vipimo vya kurudia. Naielewa hofu hiyo, ila siikubali. Maabara ambayo majibu yake hayavuki mpaka haina cha kumuuzia msafirishaji. Ikipata ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani uthibitisho kuwa inakidhi kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na majibu yake yakakubalika, wateja wanakuja wenyewe. Mnyororo wa kuaminiana nao upo: taasisi ya KENAS hutoa ithibati Kenya, SADCAS ya nchi za kusini mwa Afrika yenye makao Gaborone, Botswana, huihudumia Tanzania, na zote mbili zimo katika makubaliano yaliyosainiwa mwaka 2000 chini ya ILAC, ushirika wa kimataifa wa taasisi zinazotoa ithibati kwa maabara. Maabara iliyomo humo hulazimika kuhakiki mitambo yake na kushiriki majaribio ya kulinganisha: unga uleule hupelekwa kwenye maabara nyingi, kila moja huleta jibu lake, na iliyo mbali na wenzake hujulikana.

Hata hivyo Kenya haikatai kwa ukaidi tu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu mashariki mwa nchi hiyo, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Tanzania nayo ilizika watu mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Serikali iliyopitia msiba wa namna hiyo ina haki ya kuuliza cheti kimetokana na nini.

Na hapo ndipo penye udhaifu ambao ithibati peke yake haiuzibi. Kuvu hawakai sawasawa kwenye mzigo. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi sana huku magunia ya jirani yakiwa safi kabisa. Ukipiga bambo (chuma cha kuchomea gunia ili kutoa punje) magunia matano yaliyo karibu na mlango wa ghala, maabara bora kuliko zote itakupa jibu sahihi la magunia matano. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa shehena kubwa za nafaka zimetaka vichotwe vipande 100 kutoka sehemu mbalimbali ili kupata sampuli ya kilo 10, halafu isagwe na kuchanganywa vizuri kabla ya kupimwa. Kwetu mara nyingi sampuli huletwa na mwenye mzigo mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni. Isitoshe, mahindi yaliyopita kipimo leo yakinyeshewa na kukaa wiki tatu chini ya turubai bichi yanaweza kuota kuvu upya, na cheti hakitabadilika.

Kwa hiyo naunga mkono cheti cha upande mmoja kukubalika upande wa pili, ila kwa mahindi kiwe na masharti yake. Sampuli ichukuliwe na mtu aliyesajiliwa, si muuzaji. Cheti kitaje idadi ya magunia yaliyopigwa bambo na unyevu uliopimwa, na kiwe na muda wa mwisho, tuseme siku 14. Mpakani wabaki na haki ya kukagua malori machache bila taarifa, lakini anayekataa mzigo atoe namba, mbinu aliyotumia na sehemu ya sampuli ili maabara ya tatu iamue. Kusimamisha nchi nzima kwa barua moja kunamwadhibu hata aliyekausha mahindi yake vizuri.

Kuna jambo moja ambalo mpango huu hauligusi. Gharama ya kipimo ni ileile kwa lori la tani 30 na kwa mama mwenye magunia 20 anayevuka mpaka wa Holili kuingia Kenya. Kwake cheti kinaweza kula faida yote. Njia ninayoiona ni mizigo midogo kukusanywa na kupimwa kwa pamoja kwenye maghala ya vyama vya ushirika, kila mmoja akichangia gharama kwa idadi ya magunia. Hilo linahitaji maghala yenye sakafu kavu na kipima unyevu kinachofanya kazi, na vijijini vitu hivyo bado ni vichache.