Salongo na Bangi ya Bafuni

Nyuma ya bafu letu la nje hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kuna pahali ambapo maji ya kuogea hutuama mwaka mzima. Nilipanda mahindi yakaoza. Nyanya zikaoza. Magimbi yakakubali, lakini mke wangu hali magimbi. Binamu yangu aliyeko Atlanta akaniambia, "Kaka, hapo panataka haibiskasi ya kinamasi," akanitumia mbegu kwenye bahasha. Ni mmea wa kwao huko, Georgia, Florida, Alabama na Louisiana, unaojiotea kwenye vinamasi na kingo za mito. Hudumu miaka, hurefuka kupita mita mbili, na ua lake ni jekundu kupindukia, petali tano zilizoachana, upana wa sentimita 15 hivi. Kila ua huishi siku moja, kesho linachanua jingine.

Habari za majani hakunigusia.

Mbegu zenyewe zina ganda gumu. Usipozikwaruza zinaweza kukaa tu ardhini zikikutazama. Nikakaa barazani usiku, umeme umekatika kama kawaida, nazisugua kwa msasa kwa mwanga wa simu. Jirani akapita akielekea chooni, akanikuta mtu mzima nimeinamia karatasi, napanga vitu vidogo vyeusi kimoja kimoja. "Salongo, habari ya usiku," akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayeweka kumbukumbu.

Salongo kwetu ni baba wa mapacha, na baba wa mapacha hakosi maji machafu. Watoto waliogeshwa asubuhi, wakaogeshwa jioni, na mimea yangu ikanywa povu na kupanda. Shina likawa na wekundu. Majani yakatoka membamba, marefu, ya vidole vitano, yote yakichanua kutoka sehemu moja. Kama umewahi kuona fulana za wapenda rege, unajua nasema nini. Mimi sikuona chochote. Niliona maua yanakuja. Kilichonikera ni kwamba majani ya chini yalikuwa yanapotea usiku, na kwa kuwa jirani wa pili anafuga mbuzi, nilikwenda nikamwambia maneno ambayo si ya kuandika hapa. Akaapa kwamba mbuzi wake hulala amefungwa. Nikamwambia basi ana meno marefu.

Walukuba imejaa watu wa makabila yote, wazee wetu walifuata kazi za viwandani, kwa hiyo uvumi wetu hupita kwa Kiswahili na haupotezi muda kwenye tafsiri. Asubuhi moja nikasikia hodi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mbele, afande nyuma, na nyuma ya afande nusu ya mtaa, wengine na mswaki mdomoni.

"Mzee, hii ni nini?"

"Maua, afande."

"Maua yenyewe yako wapi?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Hata chipukizi la ua halikuwepo. Nikaanza kumweleza kwamba kwao huko hii kitu huchanua majira ya joto, siku inapofika saa 14 za mwanga, sasa huku kwetu ikweta iko hapo tu, siku ni saa 12 Januari mpaka Desemba, pengine mmea bado unangoja...

"Kwa hiyo shahidi wako yuko Amerika," akasema afande, akaandika.

Fundi viatu, ambaye ndiye wakili wetu wa mtaa, akajitosa. Hakuna kesi, akasema: Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya mihadarati kwa sababu wabunge walipoipitisha hawakutimia akidi. Afande akamjibu bila kumgeukia kwamba Bunge lilipitisha nyingine mwaka huohuo, na akitaka kuisoma aje kituoni, atalala nayo.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, pacha mmoja kila upande, ananitazama tu. Yale macho yaliniogopesha kuliko pingu.

Afande akachuma jani, akalinusa. Akanusa tena. "Linanuka sabuni," akamwambia mwenyekiti, kana kwamba hilo nalo ni kosa.

Aliyeniokoa ni mama wa mboga, mtu wa Busia, aliyekuja kutazama na kapu lake kichwani. Akatua kapu, akasema, "Nyinyi wanaume, hamjawahi kuingia jikoni?" Akalichukua lile jani, akalifikicha kiganjani na maji kidogo ya bafuni, akavuta vidole. Ute ukanyooka kati ya kidole gumba na cha shahada, mrefu, ukining'inia, usikatike. "Hii ni jamaa ya bamia. Bangi gani ina ute hivi?" Akampaka afande kwenye kiganja ili aone mwenyewe. Afande alijaribu kujipangusa kwenye kalamu, kisha kalamu ikamshinda kushika.

"Mwenyekiti," akasema hatimaye, "umeniamsha kwa ajili ya mrenda."

Watu wakasikitika. Wengine walikuwa wamekwisha kupiga picha. Ndipo nyuma kabisa kijana mmoja wa boda akamgeukia mwenzake, kwa sauti iliyotuzidi sote:

"Kumbe wiki zote hizi umekuwa ukiniuzia mrenda?"

Mwenzake akamkanyaga mguu.

"Elfu mbili kila msokoto! Na juzi nililewa mpaka nikapotea njia ya kwetu!"

"Ahaa!" akasema mwenye mbuzi, akinitazama mimi.

Afande, aliyekuwa amekwisha kufunga daftari, akalifungua upya kwa mkono ule usio na ute. "Wewe kijana. Njoo hapa. Ulilewa nini?"

Kijana akayatazama majani, akamtazama mama wa mboga, akameza mate.

"Mrenda, afande."