Bei ya Milano, Sinema za Malindi

Mtazameni Mtaliana wetu wa Malindi. Kaja na Netflix yake mfukoni, ile ya kutazama sinema mtandaoni, kifurushi cha Standard, kilichopandishwa kwao hadi yuro 13.99 kwa mwezi Oktoba 2024. Kwa pesa zetu ni kama shilingi elfu mbili. Anajinyoosha kitini ufukweni, anafungua simu, ile tamthilia aliyoiachia katikati haipo! Yeye na muuza madafu aliye pembeni, anayelipa bei ya Kenya kwa Standard hiyo hiyo, wanaona kabati moja la sinema. Ndiyo kanuni ya Netflix: bei hufuata ulikojisajili, sinema hufuata ulipoketi.

Tusimcheke sana. Kuna mwenye shemeji Milano naye ati, "Nimeazima akaunti, nipate vya Ulaya." Vya Ulaya utavipatia wapi na umekaa mtaa wa Barani, hapa hapa Malindi? Anwani ya intaneti yasema uko Kenya, unafunguliwa kabati la Kenya. Tena tangu 2023 wamekaza kwamba akaunti ni ya nyumba moja. Shemeji Milano, wewe Barani: hiyo sebule ina urefu gani jamani?

Halafu fundi wa mtaa: "Weka VPN, programu ya kuficha uliko." Haya, weka. Netflix ikiing'amua, inakubakishia vile tu ilivyo na haki navyo dunia nzima. Umezunguka hadi Marekani, umerudi mikono mitupu, na bando limeliwa nauli.

Mwenye filamu huuza haki nchi kwa nchi, tena kwa muda. Ni kama samaki changu pale wanapopokea mashua: wamwona, ananukia bahari, lakini keshanunuliwa na mwenye hoteli. Tamthilia ya Friends ilitoka Netflix ya Marekani mwanzoni mwa 2020, ya Uingereza wakati ule ikabaki nayo. Na Disney+, mshindani wa Netflix, ilifika Afrika Kusini Mei 2022, sisi tukarukwa kama kituo kisicho na abiria.

Bei za hapa, haki ya Mungu, hazina kesi. Mwaka 2023 kifurushi cha simu kilishushwa hadi shilingi 200 na kile cha Basic hadi 300. Cha simu ni kifaa kimoja, picha ya 480p isiyo kali, na TV usiiguse. Kilikuwapo hata cha bure, cha Android, tangu Septemba 2021. Novemba 2023 wakakifunga, tulipokwisha kunogewa.

Kinachokumaliza ni bando. Picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, HD, ile picha kali, hadi GB 3. Filamu moja ya saa mbili kwa HD yaweza kufika GB 6, na wewe umenunua ya shilingi hamsini! Ingia App Settings ya Netflix, bonyeza Cellular Data Usage, zima Automatic, chagua Save Data: GB 1 itakupa kama saa 6. Ukiweka Maximum Data, GB hiyo yaweza kwisha kwa dakika 20, kahawa haijapoa.

Utasema, basi nipakue kwenye wifi ya mkahawa. Vizuri, agiza juisi ya ukwaju ukae. Ila kuna filamu ambazo ukishabonyeza tu kuzitazama, saa 48 zinaanza kuhesabiwa. Umeianza Alhamisi usiku, Ijumaa harusi, Jumamosi kombe la bibi harusi, Jumapili unaifungua: muda umekwisha, pakua upya. Kwa bando la nani?