Siku mrproper alipopita na fagio

Wiki jana niliamua kujijengea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, yangu mwenyewe, kuanzia sifuri. Laptopu yenyewe ina RAM ya GB 4 na feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Nikajenga Binutils, zana za kuunganishia programu, nikaingia GCC, inayogeuza msimbo kuwa programu, na hapo feni ikapandisha sauti. Nikajua nina saa kadhaa za kukaa bure.

Kukaa bure ndiko kulikoniponza. Nikasema, ngoja nisanidi kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, kabisa, ingawa zamu yake ni mwishoni huko. Nikaandika `make menuconfig`, amri inayofungua orodha ya maswali ya kuisanidi. Wallahi yale maswali hayaishi! Unataka draiva za joistiki? N. Diski za flopi? N. Redio ya ridhaa? Nikasita, nani aijuaye kesho, kisha N. Kadi ya waifai peke yake ilinila nusu saa, mpaka nikawa nimelala chali, laptopu nimeiinua juu, nasoma kibandiko cha chini kwa tochi ya simu. Saa nane usiku nikahifadhi, nikarekebisha kidogo, nikahifadhi tena. Faili linalobeba majibu yote hayo ni `.config`. Nililipenda kama mtoto wa kwanza.

GCC nayo ikaisha. Sasa zamu ya heda za kerneli, yale mafaili ya `.h` yanayoieleza Glibc, maktaba ya msingi inayotumiwa na programu nyingine, kerneli inaweza kufanya nini na inaombwa vipi. Bila hayo, Glibc ni mteja kwenye hoteli isiyo na menyu wala mhudumu. Maelekezo yakasema kwanza safisha folda: `make mrproper`. Jina nikalicheka, maana kule Ulaya Mr. Proper ni sabuni ya kusafishia sakafu. Sabuni ina ubaya gani? Nikabonyeza Enter.

`CLEAN scripts/basic`. Safi. `CLEAN scripts/kconfig`. Nikawa naitikia kwa kichwa, kama mwenye harusi anayeangalia ukumbi ukipambwa. Mstari wa mwisho: `CLEAN .config .config.old`.

Nikausoma. Nikausoma tena, pole pole, kwa sauti.

Kumbe `make clean` ndiye mfagizi mwenye adabu, anayekuachia `.config` yako. Huyu mrproper hufagia mpaka uvunguni. Na ile `.config.old`, nakala ya akiba? Kaondoka nayo pia, wala hakuaga.

Heda zenyewe? `make headers` ilimaliza kazi kabla sijamaliza kusonya.

Alfajiri mke wangu akanikuta nimejishika kichwa.

"Baba watoto, kuna nini?"

"Nimefanya usafi," nikamjibu. "Nimesafisha kupita kiasi."

Akatazama vikombe vitatu vya kahawa, maganda ya karanga mezani, na soksi yangu moja juu ya jagi la maji.

"Wapi?"