Macho ya Kuazima

Kwa miaka mingi mama yangu mkubwa aliishi kwa kusomewa. Barua ikifika, alingoja nirudi kutoka shuleni; penye sahihi alitia dole gumba, na stakabadhi za kodi ya nyumba alizikunja na kuziweka chini ya godoro, akimwamini aliyeziandika. Alipojiunga na ngumbaru, huku Eastlands, Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 56. Aliikandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka, na mkono ulimuuma kuliko siku ya kufua.

Jioni moja alizitandaza stakabadhi zote mezani, akazifuatisha kwa kidole, silabi baada ya silabi, mpaka akagundua kwamba kodi ya mwezi mmoja, ambayo alikumbuka vyema kuilipa, haikuandikwa popote. Hakupiga kelele. Alifungua daftari jipya, akaandika tarehe na kiasi, na tangu siku hiyo hakuna aliyepokea fedha zake bila kutia sahihi humo.

Naandika haya kwa sababu tumezoea kuwahimiza watoto wasome ili wapite mtihani, na mtihani ukipita kitabu kinatupwa. Kusoma na kuandika ni zaidi ya cheti: ni kuacha kuishi kwa macho ya kuazima. Waliotutawala walilijua hilo vyema. Maktaba ya McMillan, katikati ya jiji letu, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Hata baada ya uhuru, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali alioupa jina la swali, “Kenya: Twendapi?”, wa mwaka 1968. Huko gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kuwa *Sauti ya Dhiki*. Sijui ushahidi ulio mzito kuliko huo: mtu aliyenyimwa hata karatasi aliona afadhali kuitafuta kuliko kunyamaza.

Nilipompeleka mama mkubwa McMillan kwa mara ya kwanza, alisimama kitambo kati ya wale simba wawili wa mawe, akavuta pumzi, kisha tukaingia. Mezani palikuwa na daftari la wageni. Kwa mazoea nilichukua kalamu nimwandikie jina. Aliinyoosha mikono yote miwili, akaipokea.

“Nipishe, mwanangu,” akasema.