Sare ya poliesta kwenye joto la Dar

Hivi jamani, ni nani huyo aliyekaa kwenye kiyoyozi akaamua mhudumu wa kaunta avae shati la poliesta, tai, na koti lenye bitana juu yake? Dar! Februari! Nyuzijoto 32, hewa nzito, na mtu mwenyewe ametoka Mbagala kasimama kwenye daladala mpaka Posta.

Poliesta hainywi jasho. Linabaki kwenye ngozi, bakteria wanajilia, na harufu inang'ang'ania kitambaa hata umwage sabuni ya unga nusu pakiti. Ukipiga pasi, ule moto unaifufua: shati limefuliwa jana, linanuka kabla halijavaliwa. Halafu, mabosi, mnampa mashati mawili kwa siku sita za kazi! Masika nguo haikauki. Afanyeje, aanike kwenye kaunta?

Nawe mhudumu, nawe! Pafyumu juu ya jasho inamnusuru nani? Mteja anahesabiwa hela huku kabana pumzi. Dawa ya kuzuia jasho inapakwa usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, siyo asubuhi mlangoni juu ya majimaji. Shati lenyewe, loweka sehemu ya kwapa nusu saa kwenye siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, ndipo ufue.

Mabosi, kitambaa pamba iwe zaidi ya nusu, mikono mifupi, mashati matano kwa mtu. Koti livaeni nyie, huko huko kwenye kiyoyozi chenu.