Jogoo wa Mama Mkwe

Ndani ya mji gari yangu ilikuwa na adabu zake. Ubungo mpaka Kariakoo unashika breki, inasimama, hakuna neno. Ila itoe nje ya mji, ifikishe 100, halafu punguza mwendo kwa ajili ya kibao cha 50: usukani unatetemeka mpaka saa ya mkononi inagongana na mfupa. Ukiachia breki, kimya.

Nikaizungusha kwa mafundi. Mafundi wengi wa mjini wana tabia moja: ugonjwa wa gari yako siku zote ni ule wanaoutibu wao. Wa balansi akasema balansi. Wa alaimenti akasema alaimenti. Muuza spea, ambaye hata kuinama kutazama chini ya gari hakuinama, akasema ni tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, na kwa bahati nzuri anazo mbili zimebaki. Balansi nikalipa, alaimenti nikalipa, tairodi nikaomba nikafikirie. Usukani ukaendelea na ngoma yake.

Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho.

"Usiposhika breki inatetemeka?"

"Hapana, mzee."

"Basi hela ya balansi umetoa sadaka. Tairi lisilo na balansi halisubiri breki, linakutikisa muda wote ukifika mwendo wake. Hizo ni diski za breki. Na kwa kuwa unasikia kwenye usukani, ni za mbele. Lakini nyuma nako kunaweza kuwa na lake, na hilo linasikika kwenye kiti. Tafuta barabara iliyonyooka, hakikisha hakuna gari linalokufuata, shika breki taratibu. Nyuma weka mtu akusikilizie."

"Asikilizie kwa masikio?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwa makalio, baba."

Sasa mtu niliyempata wa kukaa kiti cha nyuma alikuwa mama mkwe.

Mke wangu alikuwa amejifungua, nami nikatumwa Morogoro kumchukua mama yake aje kumhudumia mzazi. Mama akaja na shemeji yangu mdogo, kiroba cha mchele, ndizi, na jogoo mwekundu wa supu. Mama akakaa nyuma, shemeji mbele, na jogoo, miguu imefungwa kamba, akalazwa sakafuni miguuni pa shemeji. Hata Mikese hatujafika, shemeji anakoroma.

Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani. Haongei nami moja kwa moja, akitaka dirisha lifungwe anamwambia mwanawe, "Mwambie baba mtoto kuna vumbi." Mimi nami hata kioo cha ndani nilikuwa nimekigeuza juu kidogo tusije tukatazamana, nikawa naangalia nyuma kwa vioo vya pembeni tu. Mtu wa namna hiyo ndiye nilitakiwa kumuuliza anasikia nini pale alipokalia.

Baada ya Mikese barabara ikanyooka, nyuma hakuna gari. Nikashika breki. Usukani ukatetemeka, jogoo akapiga kelele, shemeji akaendelea kukoroma.

"Mama," nikasema huku nikitazama lami, "samahani, huko nyuma mnatetemeka?"

"Sina homa, baba. Nashukuru."

Mbele kidogo nikajaribu tena. Breki, ngoma, jogoo.

"Mama, nisamehe sana. Nauliza kiti. Hicho kiti... hapo chini... hakikutikisi?"

Hakujibu. Nikasikia kitenge kinavutwa vizuri magotini. Kisha nikasikia simu inabonyezwa. Mama huongea kwa spika siku zote, kwa sababu kuiweka simu sikioni anasema inampa kipandauso.

"Mwanangu, huyu mwenzio hajambo kweli? Ananiuliza habari za ninapokalia."

Kimya cha upande wa pili kilikuwa kirefu, nikadhani mtandao umekata. Haukukata.

"Umemuuliza nini mama?"

"Namuuliza mambo ya breki!"

"Breki za nani?"

Nikaeleza. Diski, usukani, mzee wa Gerezani, nikaeleza yote, isipokuwa lile neno alilotumia mzee. Mke wangu akageukia Kiluguru, wakaongea na mama yake mpaka Chalinze. Nilichoambulia humo ni "gereji" na jina langu, na kicheko ambacho sikukielewa.

Mwisho mama akamgusa mwanawe begani kumwamsha. "Mwambie baba mtoto huku nyuma kumetulia kabisa. Anayeteseka ni huyo jogoo."

Nikashika breki mara nyingine. Kweli bwana, mwendo haujapungua sana, jogoo keshaanza kupiga kelele, kilemba kinamcheza. Kalala kwenye bati la sakafu ya mbele, kila mtikisiko unampitia kifuani. Nyuma, mama wa watu na ndizi zake wametulia.

Kurudi Gerezani, mzee akafungua magurudumu ya mbele. La kushoto, nati moja iligoma mpaka akaongezea bomba kwenye spana, na nyingine ikatoka kirahisi. "Aliyekaza hapa alikuwa na ugomvi," akasema. Nikamkumbuka kijana wa pancha aliyekuwa akirukia spana kwa miguu miwili. Diski ilipotoka, nyuma yake kutu ilikuwa imejaa kwenye habu, pale diski inapokalia. Akaisugua kwa brashi ya chuma, akairudisha diski, akaikaza, akaweka geji yenye mshale na kuizungusha diski aone inayumba kiasi gani. Mshale ukacheza zaidi ya 0.1 mm. Magari mengi yanataka isizidi 0.05, pungufu ya unene wa unywele.

Akanieleza kwamba watu husema diski imepinda kwa joto, lakini mara nyingi huanza hivi: inakaa upande kidogo kwa sababu ya kutu au nati, pedi za breki zinaigusa pale pale kila mzunguko, baada ya kilomita nyingi unene wake unapishana. Ukishika breki, pedi zinabana na kuachia. Kwenye 100 gurudumu linazunguka kama mara 15 kwa sekunde, ndiyo ile ngoma. Mjini, kwa 30, huisikii.

Akasoma kipimo cha unene wa mwisho kilichochapwa kwenye diski, akaona nyama bado ipo, zikapelekwa kukerezwa zote mbili. Nati akazikaza kwa kupishanisha, kwa spana ya kipimo.

"Na nyuma una uhakika kuko salama?" akauliza wakati nahesabu hela. "Nani alikusikilizia?"

"Mama mkwe. Na jogoo."

Akasimamisha kazi. "Huyo jogoo yuko wapi?"

"Tumeshamla."

Akatikisa kichwa. "Mngesubiri kwanza gari itoke gereji."