Mbona Twafika Juni?

Ukiona mabango katika uwanja wa Mkunguni mjini Lamu mwezi wa Juni, wavuvi wakidai mtambo wa barafu au kina mama wakidai daktari wa Faza, jua wenye mabango wamechelewa miezi minne. Pesa za kaunti hugawanywa Februari. Juni ni mwezi wa kuzisoma tu.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe waziwazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Uzito wote uko kwenye ule waraka wa Februari, kwa sababu ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Kikomo kikishapitishwa, mwakilishi wadi anayetaka kuongeza shilingi mahali sharti aonyeshe anaikata wapi, naye hana hamu ya kugombana na mwenzake kwa ajili ya bango. Kikundi kinachojua kazi humwendea Januari na karatasi moja: tunataka hiki, gharama yake hii, na fungu la kupunguzwa ni lile. Hilo la mwisho ndilo wengi wetu huliacha, na ndilo analolihitaji zaidi.

Washawishi wa makampuni hawabebi mabango. Humtafuta afisa anayeandika rasimu, wala si lazima wamfikie waziri, na humpelekea kifungu kilichokwisha andikwa, tayari kunakiliwa. Afisa mwenye kazi nyingi atakataaje? Marekani, sheria ya 1995 inawataka watu wa kazi hiyo wajisajili na wataje wateja wao na malipo. Kwetu hakuna daftari kama hilo, kwa hiyo twaliona tu tunda, mti hatuujui. Hata hivyo, kupeleka kifungu kilichoandikwa si rushwa. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kule Kizingitini ana haki ile ile, ila haitumii.

Watu hupenda kusema mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ulizuiwa na maandamano. Maandamano yaliifanya habari isife, hilo nakubali. Lakini NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni ya mtambo huo wa kampuni ya Amu Power, wa megawati 1,050, pale Kwasasi mwezi wa Septemba 2016, na mitaa haikuwa kimya. Kilichoifuta leseni tarehe 26 Juni 2019 ni rufaa ya kikundi cha Save Lamu na wenzao mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na swali kubwa lilikuwa kavu kabisa: nani alielezwa nini, na lini? Mikutano ya awali ilifanyika kabla ya ripoti ya tathmini ya athari kuwepo. Jopo likaiona kuwa ya utambulisho tu; huwezi kusema umma umetoa maoni juu ya ripoti ambayo haijaandikwa. Kanuni za 2003 zilitaka mikutano isiyopungua mitatu, matangazo magazetini, redioni na ubaoni. Anayetaka kufuata njia hiyo akumbuke kwamba rufaa ina siku 60. Kikundi kikikaa miezi miwili kikingoja mfadhili, mlango umefungwa.

Sasa ile karatasi ya mahudhurio inayozungushwa mkutanoni Mokowe au Malindi, yenye safu za jina, kitambulisho, simu na sahihi. Watu huisaini kwa ajili ya nauli na soda. Miezi baadaye hiyo hiyo huambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba umma umeshirikishwa, na msomaji wa Nairobi huona majina 140 akadhani ni majina 140 yaliyokubali. Isaini, lakini andika kando ya sahihi: "nimehudhuria, napinga". Ipige picha kabla haijaondoka. Kisha omba kumbukumbu za mkutano kwa barua, ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu, na akinyamaza unaenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Bunge la Kitaifa nayo huangukia kwenye vitu vidogo. Inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono, ila isiwe na maneno yaliyofutwa wala yaliyochomekwa juu ya mstari. Ikizidi ukurasa mmoja, mada iandikwe kwenye kila karatasi. Useme ulikwishapeleka wapi malalamiko na ulijibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani. Sahihi na vidole gumba viwe kwenye karatasi yenyewe: vikundi vingi hukusanya sahihi kijiji kwa kijiji, kisha huzikata na kuzigandisha kwa gundi, na sheria inakataza hilo. Barua na viapo pia havifungwi nyuma yake. Vishike, utaviwasilisha ukiitwa na kamati. Mwisho pawe na ombi moja linaloeleweka. Aliyeomba barabara, hospitali na fidia ya bandari katika ardhilhali moja amewapa kamati tatu nafasi ya kurushiana mpira.

Waraka wa Februari unaokuja huanza kuandikwa mapema, kabla Februari yenyewe haijafika. Afisa wa mipango wa kaunti yuko Mokowe, na asubuhi ya Jumanne mlangoni kwake hakuna foleni.